Moyo hauna tundu, ila damu imepita njia nyingine

Mzee alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, shati limefunguliwa, macho kwenye skrini. Siku sita kabla ya hapo aliwekewa mpira wa kusafishia damu kupitia shingoni upande wa kushoto, kwa kuwa upande wa kulia ulikuwa umeshachakazwa na mipira ya awali. Ilipotoka picha ya eksirei, chumba kizima kikanyamaza. Mpira ulitakiwa ukate kona kifuani, uvuke kwenda kulia, uingie kwenye vena kubwa ya juu (vena ni mshipa unaorudisha damu moyoni). Wenyewe ulikuwa umeshuka wima ubavuni mwa moyo, upande wa kushoto, kama dereva aliyepitiliza njiapanda. Kila aliyeitazama ile picha alitamka neno moja: ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni. Mpira ukachomolewa, shingo ikakandamizwa karibu nusu saa, na mzee akakosa zamu yake ya kusafishwa damu siku ile na ya pili yake.

Hakuna aliyevuta damu kidogo kwenye ule mpira akaipeleka kupima oksijeni. Ni kazi ya dakika chache. Ingeonekana kuwa ni damu ya vena, na swali lingegeuka hapo hapo: kama hii ni vena, basi ni vena gani inayoshuka upande huu?

Nayasimulia haya kwa sababu mimi ndiye niliyempima moyo baadaye, na kwenye faili lake nilikuta ripoti mbili za miaka ya nyuma za eko, kipimo cha moyo kwa mwangwi wa sauti. Zote zilisema vilevile: valvu, yaani milango ya moyo, ziko sawa, kuta ziko sawa, hakuna tundu, moyo unasukuma vizuri. Zote zilikuwa za kweli. Na kwenye picha moja iliyochapwa, iliyokwisha kufifia kama risiti ya duka, nyuma ya chumba cha juu cha kushoto palikuwa na duara jeusi ambalo halikupaswa kuwa kubwa kiasi kile. Aliyepima aligandisha picha, akapima chumba kilicho mbele ya duara, akaendelea na mengine.

Duara lile linaitwa sinasi ya koronari. Ni mfereji unaokusanya damu iliyokwisha kutumiwa na msuli wa moyo wenyewe na kuirudisha kwenye chumba cha juu cha kulia. Kwa kawaida upana wake haufiki sentimita moja, na kwa wagonjwa wengine unahangaika hata kuuona. Wa mzee ulikaribia mbili. Mfereji hautanuki bure: ama shinikizo la upande wa kulia wa moyo limepanda, ama kuna damu isiyo yake inayomwagwa humo. Shinikizo la mzee lilikuwa la kawaida.

Basi nikamwomba sista amchome kanula mkono wa kushoto. Nasisitiza, wa kushoto. Mkono wa kulia usingetuambia kitu. Tukachukua mabomba mawili ya sindano na koki ya njia tatu, mililita tisa za maji ya chumvi na moja ya hewa, tukayapitisha huku na huku kwa nguvu mpaka yakawa meupe kama povu la sabuni. Kisha yakasukumwa. Vijipovu hivyo vinaonekana kwenye altrasaundi kama cheche. Kwa mtu wa kawaida vinatokea kwanza kwenye chumba cha juu cha kulia. Kwa mzee, duara jeusi la nyuma ndilo lililowaka kwanza, likajaa, ndipo vikafurika kuingia chumba cha kulia.

"Mwanangu, hizo nyota zimetoka wapi?"

"Ni maji ya chumvi na hewa kidogo, mzee. Zinayeyukia mapafuni."

"Mbona zimeingilia mlango wa uani?"

Sikuwa na maelezo bora kuliko hayo, na sina hadi leo.

Katika wiki za mwanzo za mimba kila mmoja wetu alikuwa na vena mbili za juu, moja kulia na moja kushoto, kama mji wenye barabara mbili za kuingilia. Kabla ya mwezi wa tatu inafunguka njia ya kuvukia kutoka kushoto kwenda kulia, barabara ya kushoto inakosa wasafiri, inanyauka. Kinachobaki ni kamba nyembamba nyuma ya moyo, ile ambayo John Marshall wa London aliieleza mwaka 1850 na ambayo mpaka sasa inabeba jina lake. Lakini kwa watu kati ya 3 na 5 katika kila 1,000, barabara ile hainyauki. Inabaki wazi maisha yote, ikimwaga damu ya mkono wa kushoto na upande wa kushoto wa kichwa kwenye sinasi ya koronari.

Chukua kiwango cha chini, 3 kwa 1,000. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Unapata watu wapatao 185,000, wa kujaza Uwanja wa Mkapa mara tatu na wengine wakabaki nje. Kwa waliozaliwa na hitilafu nyingine ya moyo kiwango kinapanda mara nyingi zaidi. Hivyo nikisikia mtu anaita hali hii "adimu" huwa nauliza: adimu kuliko nini? Wengi wetu tumeshakaa naye kwenye daladala.

Wengi wao hawaumwi chochote, na hapo ndipo ubishi unapoanzia. Mwenzangu mmoja, mtaalamu mzuri wa siku nyingi, huniambia kwamba nawatia watu hofu kwa kitu kisichowadhuru. Damu inafika chumba kilekile cha kulia, tofauti ni njia tu. Kuna haja gani ya kumwandikia mtu ripoti itakayomnyima usingizi? Nakubaliana naye kuhusu usingizi. Lakini mshipa huu hauna madhara kwa sharti moja, kwamba asitokee mtu wa kupitisha kitu ndani yake bila kujua upo. Mzee alikuwa salama miaka sitini na zaidi, mpaka siku ya mpira. Anayewekewa betri ya moyo naye yumo, kwa kuwa kwa desturi waya unapitishwa bega la kushoto. Daktari akiusukuma unashuka kusikotarajiwa, unaingia chumba cha kulia kwa kupitia sinasi, kisha inabidi upinde kona kali sana ili ufike chumba cha chini. Inawezekana, ila ni bora kulijua jambo hilo jioni ya kuamkia upasuaji kuliko kuligundua mgonjwa akiwa mezani. Na wapasuaji wa moyo wana njia ya kuulaza msuli kwa kumimina dawa kinyumenyume kupitia sinasi hiyohiyo. Mshipa wa kushoto ukiwa wazi, dawa inakimbilia huko na msuli unabaki bila kinga ya kutosha.

Tena si wote ambao damu yao inafika kulia. Kwa takriban mmoja kati ya kumi mwenye mshipa huu, unamwagikia chumba cha juu cha kushoto, moja kwa moja au kupitia sinasi isiyo na dari, iliyo wazi kwa chumba hicho. Huko hakuna mapafu ya kuchuja. Bonge dogo la damu, au hewa iliyoachwa kwenye dripu ya mkono wa kushoto, lina njia nyeupe ya kwenda kwenye ubongo. Kijana akipata kiharusi au jipu la ubongo, valvu zake nzima, ukuta wake hauna tundu, ni wangapi wetu tunaokumbuka kurudia kipimo cha povu kwa mkono wa kushoto? Kipimo kikifanyika mkono wa kulia kinatoka safi, na mgonjwa anarudi nyumbani na karatasi inayosema hana kitu.

Sasa niseme ninachokiamini, halafu nikitetee. Hitilafu za vena za moyo hazitupiti kwa ubovu wa mashine. Zinatupita kwa sababu eko tumeirithi pamoja na swali lake, na swali hilo halikuwa la vena.

Tarehe 29 Oktoba 1953, huko Lund, Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walinasa kwa mara ya kwanza mwendo wa moyo kwa mwangwi wa sauti. Hertz alikwenda kwanza kwenye karakana ya meli ya Kockums mjini Malmö, ambako mashine ya namna hiyo ilitumika kutafuta nyufa kwenye vyuma, akajaribu kifuani mwake mwenyewe; kisha Siemens wakawaazima mashine. (Yeye ni wa ukoo uleule wa hertz mnazozisikia redioni.) Edler alikuwa akitafuta nini? Valvu ya mitro iliyosinyaa, ule mlango wa kati ya chumba cha juu na cha chini vya kushoto. Alihitaji kujua, kabla mgonjwa hajapasuliwa, kama valvu imebana kweli. Mashine ikajibu vizuri kabisa, na tangu siku hiyo mkono wa mpimaji ukazoea kwenda kwenye valvu.

Nasi huku tulikuwa na kila sababu ya kuzoea vilevile. Ugonjwa wa moyo wa rumatiki, unaoanza na koo la utotoni lisilotibiwa, umewala vijana wetu kwenye valvu hizohizo. Mwanafunzi wa eko wa Dar, Nairobi au Kampala anaweza kuitambua mitro iliyosinyaa hata picha ikiwa ya ukungu. Hilo ni jambo la kujivunia. Kwa watoto tumeongeza swali la pili, la tundu. Mzazi yeyote anajua maneno "mtoto ana tundu kwenye moyo". Yapo kwenye matangazo ya harambee, yapo redioni. Valvu na tundu. Ukishazimaliza hizo mbili na foleni nje ina watu thelathini, unafuta jeli, unaita jina linalofuata.

Vena hazimo kwenye maswali hayo mawili. Tena ziko pabaya: zinaingia moyoni kwa nyuma na kwa juu, mbali na kichwa cha mashine, na mapafu yaliyojaa hewa yanaficha njia. Mwangwi haupiti kwenye hewa. Kuziona inabidi uhame madirisha uliyozoea, uende juu ya kifua kwenye kijishimo cha shingo, uende chini ya chembe ya moyo, umgeuze mgonjwa alalie kulia. Hayo yote yanachukua dakika kumi, na dakika kumi zikizidishwa kwa foleni ile ni siku nzima. Silaumu mtu mmoja mmoja. Mimi mwenyewe nimeandika "kawaida" mara nyingi bila kuhesabu vena za mapafu, na sijui ni mara ngapi nilikosea.

Mfano ninaouona zaidi ni wa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anachoka akipanda ngazi, ameshazaa mara mbili. Eko inaonyesha upande wa kulia wa moyo umekuwa mkubwa. Valvu hazina neno. Ukuta wa kati ya vyumba vya juu ukiutazama katikati, mahali tunapotazamaga, umefungika vizuri. Hapo majibu ya haraka yako tele: mapafu, labda kifua kikuu cha zamani, labda moshi wa kuni. Ripoti inaandikwa "shinikizo kwenye mapafu", dawa inaanzwa.

Lakini moyo wa kulia haukui bila sababu, na damu nyingi kupita kiasi ni sababu. Kuna tundu la juu kabisa ya ukuta, pale vena kubwa ya juu inapoingilia, ambalo dirisha la kawaida la kifuani halilifikii. Na tundu hilo karibu kila mara lina mwenzake: vena moja au mbili za pafu la kulia ambazo badala ya kwenda kushoto zimejiunganisha kwenye vena kubwa ya juu. Mafundi bomba wa mitaani mnawajua, bomba la jirani linakutwa limeunganishwa kwenye tangi lako. Damu safi iliyokwisha chukua oksijeni inarudishwa tena mapafuni, mzunguko baada ya mzunguko, na chumba cha kulia kinabeba mzigo wake na wa mwingine. Ukiweka kichwa cha mashine chini ya mbavu, ukaielekeza juu, mara nyingi unaliona tundu. Usipoliona, kuna eko ya kumezwa, inayotazamia kwenye umio kwa nyuma. Na hali hii inapasuliwa ikapona. Tofauti kati ya mwanamke huyo kunywa vidonge vya shinikizo miaka kumi na kurekebishwa mara moja ni mtu kujiuliza kwa nini kulia ni kukubwa, na kutokubali jibu la kwanza.

(Kuna nyingine ambapo vena ya pafu la kulia inashuka na kupinda kuelekea chini ya kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo, na kwenye eksirei inaonekana kama upanga. Wazungu wakaupa jina la upanga mpinde wa Mashariki. Wangewauliza watu wa Unguja, wangeambiwa huo ni jambia, na jina lingekuwa fupi.)

Yote haya, hata hivyo, yana muda. Mzee anaweza kusubiri wiki, mama wa ngazi anaweza kusubiri miezi. Asiyeweza kusubiri ni mtoto wa siku mbili.

Vena nne za mapafu ndizo zinazopeleka damu yenye oksijeni upande wa kushoto wa moyo, na kushoto ndiko inakosukumwa mwili mzima. Kwa watoto wachache sana wanaozaliwa, zote nne zimekosea. Zinakutana nyuma ya moyo, zinafanya kama kibwawa kidogo kinachogusana na chumba cha juu cha kushoto lakini hakifunguki ndani yake, kisha kutoka hapo mshipa mmoja unatafuta njia ya kurudi kulia. Karibu nusu yao mshipa huo unapanda juu. Wengine unamwagikia kwenye sinasi ya koronari, lile duara letu. Na kwa kama mmoja kati ya wanne au watano, unashuka: unatoboa kiwambo kando ya umio, unaingia kwenye mishipa ya ini. Hawa wa kushuka ndio wenye hatari kuliko wote, kwa sababu njia ya kwenye ini ni nyembamba na huzidi kubana siku za kwanza baada ya kuzaliwa. Damu inakwama mapafuni. Mtoto anahema kwa haraka, midomo inageuka rangi, na eksirei inaonyesha mapafu yenye ukungu mweupe na moyo wa ukubwa wa kawaida.

Mapafu meupe, moyo wa kawaida, anahema haraka, siku ya pili. Mwonyeshe daktari yeyote wa wodi ya watoto wachanga, atakuambia nimonia, au mapafu machanga kama ni njiti. Nami ningesema hivyohivyo. Mara nyingi ni kweli. Anawekwa oksijeni na dawa za sindano. Oksijeni haipandi. Anaongezewa, haipandi.

Hata eko ikifanyika inaweza kudanganya. Utaona upande wa kulia mkubwa, kushoto kudogo, na damu inavuka kutoka kulia kwenda kushoto kupitia kile kidirisha cha kati ya vyumba vya juu ambacho kila mtoto anazaliwa nacho. Picha hiyohiyo hutokea kwa mtoto ambaye mapafu yake tu hayajalegea baada ya kuzaliwa, na huyo anatibiwa kwa njia nyingine kabisa. Mpimaji aliyeuliza "kuna tundu?" atajibu hapana. Aliyeuliza "valvu je?" atajibu nzima. Ni mpaka mtu aulize: chumba cha kushoto kinapata wapi damu? Nionyeshe vena moja tu inayoingia. Akizitafuta zote nne asipate hata moja, anahamisha kichwa cha mashine chini ya mbavu na kuwasha rangi zinazoonyesha damu inaelekea wapi.

Kwenye kiwambo cha mtoto wa kawaida mishipa mikubwa inayopita ni miwili, aota (ateri kuu ya mwili) na vena kubwa ya chini, mmoja unashuka na mwingine unapanda. Hapa utakuta wa tatu. Una rangi ileile ya aota, kwa maana damu yake inashuka, ila haudundi kama aota, unatiririka polepole. Vena inayoukimbia moyo. Anayeiona mara ya kwanza huwa anadhani ameishika mashine kichwachini. Akishahakikisha, hapaswi kupoteza saa: mtoto anahitaji upasuaji, kibwawa cha nyuma kishonwe kwenye chumba cha kushoto kilichokuwa kikigusana nacho muda wote.

Zamani, hata ungeiona, swali la pili lilikuwa "tunampeleka wapi?" Jibu lilikuwa India, au Israel, na mtoto wa siku tatu mwenye midomo ya bluu hapandi ndege. Tangu 2015 Dar ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Mwanza kuna Bugando, majirani wana Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago na hospitali zenye wapasuaji Nairobi. Sisemi kwamba upasuaji huu ni mwepesi popote pale duniani, wala kwamba kila mtoto anayefikishwa anapona. Nasema kwamba zamani tungejitetea kwa kusema hakuna wa kumtibu. Sasa utetezi huo umepungua nguvu, na uzito umehamia kwa yule anayepaswa kumtambua, mkoani, saa nane usiku, akiwa na mashine ambayo huenda aliifundishwa kwa ajili ya wajawazito.

Huyo anahitaji nini? Najua jibu la maofisini: mashine mpya. Mashine inapigwa picha ikizinduliwa, utepe unakatwa. Sikatai mashine. Lakini kipimo kilichomwokoa mzee asitobolewe tena bila sababu kilikuwa mabomba mawili ya sindano, koki na maji ya chumvi, vitu vilivyoko kwenye kabati la kila wodi. Mbinu yenyewe ni ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, Raymond Gramiak na Pravin Shah walipoieleza kule Rochester, New York. Na kwa mtoto, kuna kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni. Marekani ilikiweka kwenye orodha ya vipimo vya watoto wote wachanga mwaka 2011, na hii hitilafu ya vena nne ni miongoni mwa zilizolengwa hasa. Mtoto ambaye oksijeni yake iko chini ya asilimia 95 na haieleweki kwa nini, aangaliwe moyo kabla hajaruhusiwa. Kibanio hakitasema ni vena. Kitasema tu kwamba jambo hili halijaisha.

Wapo wanaosema vena tuziachie CT, ile mashine ya eksirei inayotoa picha za mwili kipande kwa kipande. Kweli CT inazionyesha zote, tena kwa uzuri wa kupendeza, na kabla ya upasuaji mgumu ningeitaka. Ila CT haiagizwi na asiyeshuku. Mgonjwa wa CT ni yule ambaye mtu wa eko aliandika sentensi moja yenye mashaka kwenye ripoti.

Kwa wajawazito mambo ni nusu kwa nusu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Mshipa wa kushoto, yule wa mzee, unaonekana vizuri tumboni: ukikata picha ya juu ya kifua cha mtoto unatarajia mishipa mitatu imejipanga, ukikuta wa nne upande wa kushoto umempata. Vena za mapafu ni ngumu mno kwa sababu tumboni hazibebi damu nyingi. Huyo mpimaji wa kliniki nisimtwishe mzigo usiobebeka. Mishipa mitatu aihesabu, basi.

Ninachopendekeza mimi ni kidogo na hakina utepe wa kukata: fomu. Fomu ya ripoti ya eko ndiyo inayoamua jicho litazame nini, kwa sababu nafasi tupu inamsumbua mtu mpaka aijaze. Yetu ilikuwa na mstari wa kila valvu, mistari minne ya ukubwa wa vyumba, kisanduku cha tundu. Vena hazikuwa na hata nukta. Baada ya yule mzee nilichukua kalamu nikaandika chini kabisa, kwa mwandiko wangu mbaya: *Sinasi ya koronari: ___ mm. Vena za mapafu zilizoonekana: ___ kati ya 4.* Sikuomba ruhusa. Siku hizo fomu zilikuwa zikiisha tunatoa kopi, na aliyetoa kopi alichukua ile yenye mwandiko wangu.

Mara nyingi mstari wa pili unajazwa "2". Wakati mwingine "1". Hilo linaniridhisha kuliko "4" za harakaharaka, kwani anayekiri kuona mbili amezitafuta zote. Juzi mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya wiki tatu aliniletea fomu, ameandika "3" na alama ya kuuliza, na mkono wake wa kushoto bado una jeli.

"Dokta, ya nne sijaiona. Nimwambie mama asubiri, au aende?"

Asubiri, nikamwambia. Tukarudi wote ndani.